Mstari wa Kwanza

Baba aliwasha trekta, kisha akalizima. Kule mjini, mahali liliposimama ghala refu la ngano tangu enzi za babu, palibaki anga tupu. Walikuwa wamelibomoa wiki iliyopita.

Kila msimu alipanda mstari wa kwanza akilikazia macho ghala lile, ili unyooke.

“Orest, mwaka huu mstari wako utapinda kama nyoka,” jirani alimtania.

Baba alivua kofia yake nyekundu, akanivisha.

“Nenda kasimame pale lilipokuwa, mwanangu. Usitikisike.”

Nilisimama juu ya kifusi kilichonuka ngano kuukuu. Trekta likaja, mstari nyuma yake umenyooka kama uzi.

Lilipofika mwisho wa shamba, Baba hakukata kona; alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye kifusi, miguuni pangu.