Bango la Jumamosi

Zilibaki siku mbili kikundi cha maigizo kifike mjini na mchezo uliotokana na filamu moja ya zamani ya wanaume wawili waliopendana. Wanawake wa kanisani walikubaliana kubandua mabango yote, na Mama Severini akapewa ukuta wa soko. Hakumwambia mtu kwamba mmoja wa wale waigizaji wawili pichani, yule mwenye ndevu, ndiye mwanawe Severini, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza kwa kinywa chake miaka kumi na mmoja iliyopita. Wala hakusema kwamba kitenge cha kuvaa Jumamosi kwenye mchezo ameshakipiga pasi.

Alilowanisha karatasi, akakwangua kwa kisu, kwanza maandishi, kisha yule mwenzake. Uso wa mwanawe akauacha.

"We Mama Severini, bado tu?" Bi Paskazia alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. "Usijichoshe, mwenzangu, hawaji tena! Wamenyimwa ukumbi, gari lao limerudishwa njiani."

"Tumshukuru Mungu," alijibu, kama walivyojibu wengine.

Aliweka kisu chini. Maji yalikuwa yameshapenya nyuma ya karatasi, na uso ukaanza kubanduka wenyewe. Akaukandamiza ukutani kwa viganja vyote viwili, maji yakimchuruzika hadi viwikoni.