Nyundo ya Bi Siwema

Siku ya kumwaga zege la msingi, fundi aliuliza lori la kokoto litafika saa ngapi. Bi Siwema akamwonyesha rundo lililopita kimo cha kibanda chake. Miaka kumi na minne aligonga kokoto za kuuza, na kila jioni alijiwekea karai moja.

"Wenzio wanaachiwa nyumba na baba zao," fundi alisema. "Yako umeigonga mwenyewe, mama!"

Zege lilipojaa, binti yake Tunu akaiokota nyundo yenye mpini uliolika. "Hii niachie mimi, mama, iwe urithi wangu."

Bi Siwema akaipokea, akaitupa zegeni. "Wewe utarithi nyumba."

Nyundo ikazama, mpini ukabaki umechomoza. Fundi akasimama na mwiko wake mkononi, asijue aukate mpini ule au auache.