Mwanakheri Akalia Mikono

Asubuhi ile, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mwalimu alisisitiza jambo moja: kazi ya mtoto aimalize mtoto. Mwanakheri alirudi nyumbani, akakaa mbele ya binti yake, akaikalia mikono yake mwenyewe yote miwili.

Kesho Raya angesuka ukili wa miyaa, ule mkanda wa kushonea mikeka, mbele ya darasa zima. Muhula wote alikuwa akipata alama za juu kwa ukili uliosukwa na mama yake, msukaji mikeka hodari kuliko wote mtaani.

"Mama, ukili umekwenda upande. Nimalizie."

"Simalizii."

"Kesho watanicheka!"

"Watakucheka wewe, si mimi. Suka."

Jirani yao Mashavu akachungulia mlangoni. "We Mwanakheri, unaatamia mayai?"

"Naatamia mtoto, shoga. Pita zako."

Mashavu akacheka, lakini hakupita. Wote wawili wakatazama vidole vya Raya vikikosea, vikirudi, vikikosea tena. Mwanakheri aliliona kila kosa kabla halijatokea, na viganja vikamwasha chini ya mapaja.

Raya akaufumua ukili wote. Mama yake akauma mdomo.

Msichana akaanza upya, polepole, akinong'ona, "Juu, chini, juu." Ulipofika urefu wa kiganja, akaunyanyua. Ulikuwa umepinda, na katikati una tundu. Akaweka jicho kwenye tundu lile, akamchungulia mama yake, akaangua kicheko. Halafu, bila kumuuliza mtu, akavuta miyaa mingine.