Taa Mpya za Verlin

Verlin aliisoma barua palepale langoni, kando ya sanduku la posta. Taa alizofunga kwenye pikapu yake mwaka jana zina kasoro, na kiwanda kinataka zirudishwe: hata ukizipunguza, mwanga wake humpofusha dereva anayekuja mbele.

Akaisoma tena. Kidole chake cha mkono wa kushoto kikaanza kusogea chenyewe, kama kinachosukuma kile kijiti cha taa kando ya usukani.

Usiku ule wa Novemba, kwenye kona ya mto, gari lililomjia lilimkonyezea taa mara mbili. Punguza. Naye alikuwa amepunguza. Kwa hasira akalipiga fulu, zile taa kali kabisa, ili dereva wake ajue fulu ni nini, akapita zake. Kulipokucha wakamwopoa jirani yake mtoni, ndani ya gari lake. Watu walisema alisinzia kwenye usukani, na Verlin akaitikia.

Gari likasimama pembeni yake, pale langoni. Mjane wa jirani akashusha kioo na kumpa bakuli lililooshwa likatakata, lile ambalo Verlin na mkewe walimpelekea chakula cha msiba.

"Mwambie mkeo ahsante. Mbona uso umekubadilika, hiyo barua ya nini?"

"Ya taa tu. Wanataka nizirudishe."

"Usiwape, Verlin." Akaitazama pikapu iliyoegeshwa uani. "Laiti mume wangu angekuwa na taa kama hizo, ile kona angeiona."

Verlin alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Kidole hakikutulia. Kilikuwa kinagonga ukingo wa bakuli mara mbili, kisha mara mbili tena.