Masahihisho

Kila Jumapili Mwalimu Tabu aliandika maandalio ya masomo ya wiki nzima, na palipotakiwa tathmini baada ya kufundisha, alikwishajaza kabisa: "Wanafunzi wote wameelewa."

Jumanne, wanafunzi wenzake walipotoka, Nasimiyu alibaki darasani. "Mwalimu, mimi sijaelewa nusu ya robo."

Mwalimu akatoa chungwa lake, akalikata robo nne, na robo moja akaikata tena katikati.

"Kumbe ni kadogo hivi!" Nasimiyu akacheka.

Wakala. Kisha mwalimu akafungua andalio, akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, akaweka alama ya kosa juu ya neno "wote".

"Na wewe umekosa, Mwalimu?"

"Nimekosa, mwanangu."

Nasimiyu akasogea kumpisha kwenye dawati. "Basi kaa hapa ufanye masahihisho."