Kijiboksi Kilichovalishwa

Kijiboksi cha mtandao cha zahanati kilikuwa kimezimika tena, na Rehani ameshalala kitandani, tumbo limepakwa yale mafuta ya baridi ya kipimo. Bila kijiboksi, picha ya mtoto wake haifiki kwa daktari wa hospitali kubwa, maana ndicho kinachofungua njia salama ya kwenda kule. Na daktari huyo ndiye wa kusema kama moyo wa mtoto uko sawa.

"Jana nimekiacha kinawaka vizuri, sista," fundi Kiloko akalalamika. Alishabadilisha waya, akaingiza neno la siri upya, wapi. Akapeleka mkono nyuma ya meza, akaurudisha mbio. "Mama yangu, kinaunguza. Nani kakivalisha hivi?"

Kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kama redio ya sebuleni.

"Mimi," sista Tunu akajibu. "Kitu cha thamani vile nikiache kiliwe na vumbi?"

"Kinapumua kwa hayo matundu, sista. Umekiziba pua, joto linakizima."

Rehani akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kivueni basi, mbona mimi mmenivua?"

Kiloko akakipepea, akakiwasha. Taa nyekundu. Njano. Kijani.

Kwenye skrini mshale ukaanza kutembea wenyewe, hapa hakuna aliyegusa kitu; ni daktari wa kule anausogeza. Ukapita mgongo wa mtoto, ukapita mbavu, ukafika panapodunda, ukasimama. Rehani akamkamata Tunu mkono.

Halafu mshale ukaanza kurukaruka palepale, upesi upesi, ukifuatisha mapigo, kama unaosema: sawa, sawa, sawa.