Makubadhi ya Makame

"Leo tunasimama, baba," alisema Raya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiishusha miguu ya Makame kutoka kitandani. Katika chumba cha wagonjwa mahututi mashine zilikuwa zikilia.

Sakafu ilikuwa ya baridi. "Mize, nipe makubadhi yangu," Makame alimnong'oneza mkewe.

Bi Mize aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mume wangu. Madaktari walituambia hufiki Ijumaa."

Makame akasimama. Nje ya kioo aliketi Mzee Vuai, mwosha maiti wa mtaani kwao, ambaye nguo na viatu vya marehemu ndiyo haki yake. Alikuwa ameyavaa makubadhi ya Makame.

Vuai alimtazama Makame akitetemeka, akajiweka vizuri kwenye benchi, wala hakuyavua.